Kibati cha Stendi na Mkebe wa Mihambo

Usiku wa jana niliota stendi ya kamera imeingia chumbani kwangu bila hodi, imekunja miguu yake yote mitatu mpaka ikawa fupi kama kigoda, ikaniamkia shikamoo, halafu ikauliza kama nimekalia kibati chake.

Nikasema sijakikalia. Ikaniomba niinuke tuhakikishe. Nikainuka, tukahakikisha. Palikuwa na shuka tu.

"Samahani, bibi," ikasema. "Nimeanza na wewe kwa sababu watu wanasema unalalia vitu."

Si uongo. Mimi chini ya godoro huweka vitu ninavyovipenda, na baadhi ya vitu wanavyovipenda wengine. Lakini kibati sikuwa nacho, na kusingiziwa na kitu kisicho hata na mdomo kuliniuma.

Nieleze kwanza, ili msione nimechanganyikiwa kabla ya wakati. Stendi hiyo ni ya binti yangu Mwasiti, mpiga picha wa hapa kwetu Kisarawe. Juu kabisa, kwenye kichwa chake, panatakiwa pakae kibati cha mraba, kidogo kama kipande cha sabuni iliyokaribia kwisha, na katikati yake pana skrubu. Kibati unakifunga chini ya kamera, halafu unakitumbukiza kwenye kichwa cha stendi, kach, kamera inatulia. Kibati kisipokuwepo, stendi ni fimbo tatu zilizopatana tu.

Jana mchana Mwasiti alifungua begi lake, stendi akaiona, kibati hakukiona. Akamwaga begi zima mkekani. Akapekua mifuko ya nguo zilizofuliwa. Akajaribu kuifunga kamera kwa mpira wa baiskeli, kamera ikainama polepole, polepole, mpaka ikawa inawapiga picha kuku. Mwisho akajifuta mikono, akasema, "Basi, Mama. Nitashika mwenyewe, kama siku zote."

Neno hilo ndilo nililolala nalo. Maana leo ilikuwa akika ya kitukuu wangu, na ukoo wetu kukusanyika ni kazi, mpaka azaliwe mtu au afe mtu. Picha zote za ukoo anapiga Mwasiti, kwa hiyo hakuna picha hata moja yenye Mwasiti. Yeye hulielekezea jua mgongo ili sisi tung'ae, na kinachoonekana ni kivuli chake, kimelala mchangani mbele ya miguu yetu, viwiko vimetokeza huku na huku kama mishikio ya sufuria. Mgeni akifungua albamu yangu huuliza, "Na huyu aliyelala chini ni nani?" Nami humjibu, "Huyo kitinda mimba wangu." Watu wanacheka. Mwasiti naye hucheka, lakini kicheko chake hakifiki mbali. Stendi aliinunua ili kamera ijipige yenyewe, naye akimbie aje asimame na wenzake. Leo ndiyo ingekuwa mara ya kwanza.

Basi. Turudi ndotoni, stendi inasubiri.

Stendi inatangulia, mimi nafuata. Nafungua mlango wa chumbani niende sebuleni. Sebule haipo. Ni darasa lile nililosomea utotoni, ubao uleule wenye ufa, dawati langu lilelile lenye kunguni, nao wananikumbuka. Mbele kasimama mwalimu. Mwalimu ni kiputo.

Kwenye shingo ya stendi kuna kichupa cha pima maji, kama kile cha fundi mwashi, na ndani yake mna kiputo cha hewa. Kikikaa katikati, mambo yako sawa. Ndicho hichohicho. Kimevaa kaptula, kimeshika chaki, na ukikitazama unaona ubao kwa ndani.

"Nani huyo amechelewa?" kikauliza.

"Mimi, mwalimu. Nilitoka nje mara moja, nikaolewa."

"Kaa sawa."

Nikakaa. Kikasema sijakaa sawa. Nikasogea kidogo, kikakimbilia upande wa kushoto, na papo hapo darasa zima likateremkia kulia, madawati, chaki, mimi na kunguni wangu. Nikarudi kushoto, kikakimbilia kulia, tukateremka tena. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Hakuna aliyeona ajabu ila mimi, na mimi sikutaka kuuliza, nisije nikaonekana mjinga shuleni.

"Unatoka wapi wewe?"

"Kisarawe."

"Nyumba yenu imeinama."

"Kilima ndicho kilichoinama, mwalimu. Nyumba inakifuata tu kwa adabu."

Kiputo kikatafakari. Kilipotafakari kikawa kidogo, nikaogopa kisije kikaisha kabla hatujauliza.

"Tumekuja kuulizia kibati," ikasema stendi.

"Kibati kimeibwa au kimetaniwa?"

Tukatazamana, mimi na stendi, ingawa stendi haina macho.

"Tofauti yake nini?" nikauliza.

"Mwizi akichukua hukimbia. Mtani akichukua hukaa karibu, akuangalie unavyohangaika. Umemwona mtu anakimbia?"

"Sijamwona."

"Basi kuna mtu anakuangalia."

Nikageuka. Nyuma ya darasa, ukutani, imetundikwa picha yangu kubwa ya sebuleni, ile ya harusi ya mjukuu wangu. Pembeni mwa picha, pale anaposimama kila mara, kuna mtu ambaye sura yake ni ukungu mtupu. Ukungu ule unanitazama. Tena unacheka.

Ni Mihambo.

Mihambo alikuwa jirani yangu na mtani wangu. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na kama kwenu hamna mambo haya, poleni. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako ukamshukuru. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya watu na asiitwe mwizi. Unakikomboa kwa kuku, au kwa maneno yakikosekana manyoya, anarudisha, mnaendelea. Mume wangu alipokufa, Mihambo aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akajinyoosha, akasema kumbe pazuri hivi, hatoki mpaka apewe jogoo. Nililia na kucheka kwa pua ileile moja.

Mwaka jana akafa yeye. Nami nikaenda kufanya yangu. Nilichukua mkebe wake wa ugoro mbele ya wanawe, nikautia kifuani, nikatangaza kwamba siutoi mpaka nikombolewe. Wanawe wamekulia mjini. Walinitazama kwa huruma. Yule mkubwa akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Chukua tu, bibi. Iwe kumbukumbu."

Kumbukumbu. Kitu cha utani hakitolewi zawadi, hukombolewa. Nilirudi nyumbani na kitu ambacho si changu, sikukiiba, sikukiazima, na wala sikupewa. Nikakiweka juu ya kabati la sebuleni, na tangu siku hiyo vumbi linakizunguka.

Sura yake ni ukungu katika picha zote za mtaa huu kwa sababu Mwasiti akisema "Msitikisike," Mihambo ndipo hutikisika. Alifanya hivyo miaka yote. Sikumbuki hata uso wake ulikuwaje ukitulia.

"Sogeeni muingie," stendi ikasema.

Hayo ni maneno ya Mwasiti. Kila picha huyasema: sogeeni, sogeeni muingie kwenye picha. Nikasogea. Nikaingia.

Kumbe picha ina uani.

Uani kwenyewe pakubwa, pamefagiwa, na wanakaa watu wote ambao picha iliwaacha. Mjomba Kondo yuko pale, aliyekatwa kichwa siku ya harusi. Anatembea bila kichwa, amevaa suti, ananisalimia kwa kiwiko. Wako wale waliopepesa macho. Wamefumba mpaka leo, wanagongana, wanaombana radhi. Kuna bega la mtu nisiyemjua, limekaa peke yake kwenye benchi na heshima zake. Kuna mbuzi aliyepita.

"Mmekula?" nikauliza, maana huwezi kuingia tu uani kwa watu ukanyamaza.

"Wengine tumekula, wengine hatuna midomo," likasema bega.

Nikataka kuuliza bega linasema kwa kitu gani, nikaona nitachelewa.

Ndipo nikahisi nimekanyaga kitu laini. Nikatazama chini. Nimesimama juu ya kivuli cha Mwasiti.

"Shikamoo, Mama," kikasema.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, mchanga una siafu."

"Siwezi, Mama. Huku mimi ndiyo chini."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Wananikanyaga tu wakiambiwa wasogee."

Kilisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Viwiko vyake vimetokeza vilevile. Nikataka kumpisha, lakini kila nilipoinua mguu na kuutua, natua juu yake, maana uani pote ni yeye. Nikabaki nimesimama kwa kidole gumba. Hata sasa kinaniuma.

Mihambo amekaa kwenye kigoda pembeni kabisa. Ukungu wake unafuka huku na huku kama moshi wa kuni mbichi. Shavu moja limetuna.

"Binti Pazi," akaniita. "Umechelewa. Ngoma ilikuwa wapi leo?"

"Nilikuwa natafuta mpagazi wa kunibebea miguu. Nikaambiwa wote wako huku."

"Wazaramo ninyi, ngoma ikilia mnamwacha maiti kitandani ajioshe mwenyewe."

"Na ninyi mlitoka Tabora na mizigo ya watu kichwani, mkafika baharini, mkauliza kama kuna mbele."

Tukaridhika. Salamu zilikuwa zimekamilika.

"Kibati," nikasema.

Akatoa ulimi. Kibati kimekaa juu ya ulimi, skrubu imesimama wima kama mnara. Akaurudisha ulimi ndani.

"Nanyonya," akasema. "Mtu asiye na ugoro lazima awe na kitu mdomoni. Nipe mkebe wangu, nikupe kibati chako."

"Mkebe haujakombolewa."

"Wanangu hawakukomboa?"

"Walisema niuweke uwe kumbukumbu."

Ukungu ukapungua kasi.

"Kumbukumbu," akasema.

"Ndivyo."

"Niliwasomesha wale."

"Ndiyo matokeo yake, Mihambo."

Mbuzi alipita tena. Kisha akasema hayo si yangu wala yake, sheria ni sheria: mkebe uje, kibati kiende. Kisipokwenda, kesho Mwasiti atashika kamera mwenyewe na kivuli kitabaki pale pale kilipo, na mbele ya akika kuna harusi, na mbele ya harusi kuna msiba wangu mimi.

"Na msiba wako," akasema, "picha zitakuwa nyingi. Wewe utatokea vizuri, hutatikisika. Yeye ndiye atakosekana."

Hilo lilinigusa mahali. Nikageuka kuutafuta mkebe.

Sasa mambo yanavurugika. Kutoka uani, sebule yangu inaonekana kwa mbali kupitia picha, kama mtu anavyochungulia dirishani. Kabati ninaliona. Mkebe ninauona juu yake. Lakini kabati limekuwa refu kama mnara wa simu, na juu yake ndege wanajenga. Nikarukaruka. Nilipotua nilikuwa nimetua juu ya Mwasiti, nikaacha kuruka.

"Ningekuinua, bibi," stendi ikasema. "Lakini sibebi kitu ambacho hakijafungwa. Na cha kukufungia kiko mdomoni mwa mzee."

"Nifungwe mimi?"

"Kwa skrubu. Chini ya nyayo. Haiumi sana."

Kwa hiyo nikitaka mkebe lazima nipate kibati kwanza, na nikitaka kibati lazima nilete mkebe kwanza. Nikafikiri mara moja, nikafikiri tena kwa kuanzia mwisho, nikajikuta pale pale. Nikamwuliza mwalimu kiputo, ambaye sasa amerudi shingoni mwa stendi. Akajipima, akasema kwa upande wake mambo yako sawa kabisa.

"Mama," kivuli kikasema kutoka chini. "Panda mabegani kwangu. Nitarefuka jioni ikifika. Nitakushika, mimi nimezoea kushika."

Watu wote wa uani wakageuka kunitazama, wale wenye macho. Hata Mjomba Kondo aligeuza shingo.

"Lala hapo hapo," nikamwambia. "Leo hushiki kitu."

"Sasa atashika nani?"

"Sijui. Lakini si wewe."

Kweli sikujua. Nilisimama kwa kidole gumba, nimezungukwa na viungo vya watu, na sikujua. Nikafanya kile ninachofanya nikikosa akili: nikashika pindo la kanga yangu nikaanza kulivuta. Nikahisi fundo.

Hapa niseme wazi, watu wasinizushie. Mimi si mnusaji wa ugoro. Ila kitu cha mtu kikikaa juu ya kabati lako mwaka mzima, lazima ukionje mara mojamoja, usije ukarudisha kilichoharibika. Na chembe zinazobaki vidoleni ni mali ya watu, huwezi kuzipangusa tu, unazifunga pindoni.

Nikafungua fundo taratibu. Nikatazama kwingine, kama mtu anayetazama mawingu.

"Mihambo, hebu nisaidie wewe mjuzi," nikasema. "Nahisi kimeota ukungu kidogo hiki. Au pua yangu imezeeka?"

"Kitu gani?"

"Basi, acha. Ninyi watu wa mizigo mna pua za kubebea jasho."

Ukungu unasogea. Unasimama. Unasogea tena. Katikati yake inatokea pua, pua peke yake, inakuja juu ya pindo langu kwa unyenyekevu kama mtu anayeingia msikitini. Inavuta. Mwaka mzima haijavuta kitu ile pua.

Hakuna kinachotokea.

Halafu hakuna kinachotokea kwa nguvu zaidi. Wale wenye macho yaliyofumba wanashikana mikono. Mbuzi anakaa.

Mihambo akapiga chafya.

Kibati kikamtoka mdomoni kama korosho inayoruka kutoka kikaangoni. Kikapita pale ambapo kichwa cha Mjomba Kondo kingekuwepo, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona ya ile picha. Kikaligonga bega, bega likasema samahani. Stendi ikarefusha mguu mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, ikaruka, ikakidaka kwa kichwa.

Kach.

Mihambo alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametulia, kwa sababu mtu akishapiga chafya hutulia hata kama hataki. Ukungu haukuwepo. Nikamwona uso. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, nami nilikuwa nimelisahau kabisa. Macho yamejaa maji, na ukimtazama ungedhani ni mtu mpole.

"Umenihadaa, Binti Pazi."

"Nimekutania."

"Kibati kimetoka bila kukombolewa. Si utaratibu."

"Mkebe uko juu ya kabati. Njoo uchukue, mikono si unayo. Mimi nimechoka kukuwekea kumbukumbu."

Akafikiri. Ukungu ulianza kurudi kwenye masikio.

"Nitakuja," akasema. "Na chafya yangu?"

"Chafya yako imefanya nini?"

"Umenipigisha chafya mbele za watu waliokatwa. Itabidi nikurudishie. Siku usiyoitaka, saa usiyoitaka."

"Rudisha," nikasema. Nilidhani ni maneno tu.

"Msitikisike," stendi ikasema.

Tukaganda wote. Mimi na kidole gumba changu, mbuzi, bega, Mihambo ambaye alikuwa anajitahidi kutikisika na hawezi. Chini ya mguu wangu nikahisi pale palipokuwa laini panaondoka, kama mtu anayenyanyuka taratibu asiwaamshe waliolala. Nikataka kutazama. Nimeambiwa nisitikisike. Mwanga mweupe ukatupiga usoni sote kwa pamoja.

Ulikuwa mwanga wa dirishani. Asubuhi imeingia.

Nilikaa kitandani nimeganda muda mzuri, maana nilikuwa sijaruhusiwa kutikisika. Nje nikasikia sufuria zinashushwa, na mtu anamwambia mwenzake kwamba mchele huu una mawe. Nikaona huo ndio uhai. Nikainuka.

Sebule ilikuwepo. Kabati ni lile lile, la kimo cha kabati. Nikavuta kigoda, nikapanda, nikachungulia juu.

Vumbi lilikuwa limetanda kote isipokuwa mahali pamoja, duara safi la ukubwa wa kitako cha mkebe. Mkebe haukuwepo. Katikati ya duara pamelala kibati, skrubu juu. Nikakishika. Kilikuwa na unyevunyevu.

Nikakifuta kwa kanga. Pindo lilikuwa limefunguliwa.

Mwasiti nilimkuta uani anapangusa kamera yake kwa kitambaa, ameivaa shingoni tayari kwa kazi ya kushika. Nikamwekea kibati kiganjani. Alikitazama upande huu, akakigeuza.

"Mama, umekipata wapi?"

"Kwa Mihambo."

"Mama. Mzee Mihambo alikufa."

"Ndiyo maana kimechelewa."

Alinitazama kwa yale macho ambayo watoto humtazamia mzazi aliyeanza kuharibika. Lakini mikono yake haikungoja macho. Ilikuwa inazungusha skrubu chini ya kamera. Akaitumbukiza kwenye kichwa cha stendi. Kach. Mimi peke yangu nilisema ahsante kwa stendi, na haikunijibu. Mchana ina maringo.

Wageni walipokwisha kula, tukapangwa mbele ya nyumba. Kitukuu wangu kapakatwa, kalala, hajui kama ana jina. Mwasiti akainama nyuma ya kamera, akapima, akasogeza mguu mmoja wa stendi kwa sababu ya kilima chetu. Akabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akashika gauni lake akakimbia kuja kwetu, mtu mzima na miwani yake, anakimbia kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Akafika mbele yetu. Akasimama.

Hajui akae wapi. Miaka yote anatuambia wewe sogea, wewe rudi nyuma, wewe mrefu nenda kule, na yeye hana mahali. Nasi hatujui tumweke wapi, hatujawahi kumweka. Mmoja akasogea kushoto, mwingine kulia, pakazibika tena. Taa inapepesa haraka zaidi.

Nikamvuta mkono. "Sogea uingie," nikasema.

Akaingia, ubavuni kwangu, akaniwekea mkono begani. Watu wote wakaganda.

Ndipo pua yangu ikaanza. Ilianzia ndani kabisa, juu, kama mtu amekaa huko na unyasi anachokoa kwa raha zake. Nikabana. Nikakumbuka: siku usiyoitaka, saa usiyoitaka. Nikabana tena, nikamwapiza yeye na Tabora yote.

Nikapiga chafya.

Kamera ikalia kach saa ileile.

Mwasiti akaenda kutazama kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Akakaa hapo muda, ameinama. Tukadhani imeharibika. Nikajikongoja nikaenda, nikachungulia chini ya kwapa lake.

Ukoo wote upo. Katikati amesimama Mwasiti kwa miguu yake miwili, ametokea mpaka viatu, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake. Mchangani mbele yetu hakuna aliyelala. Kuna kivuli chembamba cha miguu mitatu, basi. Na pembeni mwa Mwasiti, pale ambapo ningekuwa mimi, kuna kanga iliyotoka vizuri sana, maua yote yanahesabika, na juu ya kanga ukungu mtupu.

"Mama, umetikisika," akasema. "Umekuwa kama marehemu Mzee Mihambo."

"Nimeona."

"Ngoja nirudie. Warudi wote pale."

"Usirudie."

"Lakini Mama, wewe hujatokea."

"Zamu yangu," nikamwambia.